Istilahi za Umbali katika Upimaji wa Mwanga wa Kamera: Mpiga Picha wa Nyakakika Afundishwe kwa Maneno Gani?

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi za umbali zinazohitajika ili kueleza kwa Kiswahili namna kamera inavyopima mwanga, hususan mwanga wa flashi. Inadaiwa kuwa neno umbali wa fokasi, kama linavyotumika katika mazungumzo na katika mafunzo, hubeba dhana mbili zilizo tofauti kabisa, na kwamba dhana ya tatu haina jina lolote. Kwa kutumia mifano ya hesabu iliyowekwa katika mazingira ya kata ya Nyakakika, mkoani Kagera, tunaonyesha kuwa mkanganyiko huo una gharama: nyuso za watu hupotea katika picha ambazo haziwezi kupigwa tena. Mwishoni tunapendekeza istilahi tatu na kuzitathmini kwa vigezo vya uundaji wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi za Kiswahili imekuwa na vyombo vyake rasmi nchini Tanzania kwa zaidi ya nusu karne. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianza kazi kwa jina hilo mwaka 1970 kabla ya kuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili mwaka 2009. Miongoni mwa matunda ya juhudi hizo ni kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, ambayo iliwapa walimu wa sayansi maneno mengi waliyoyahitaji.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya juhudi hizo ilielekezwa kwenye masomo ya shule na shughuli za serikali. Ufundi unaojifunzwa kwa kukaa karibu na fundi, kama vile useremala, ushonaji, ufundi redio na upigaji picha, uliachwa ujitafutie maneno yake wenyewe. Mafundi hawakukaa kimya. Wakatohoa: kamera, lenzi, filamu, flashi, shata, fokasi. Maneno hayo yanaeleweka na hatuna nia ya kuyapinga. Tatizo linalotushughulisha hapa ni pale neno moja lililotoholewa linapolazimishwa kubeba dhana mbili, na fundi akakosa njia ya kuziteganisha.

Tumechagua Nyakakika kuwa mahali pa kuwekea mifano yetu kwa sababu mazingira yake yanalidhihirisha tatizo vizuri. Kata hii ipo wilayani Karagwe, katika nchi ya vilima, migomba na mibuni inayoendelea hadi wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wenyeji huzungumza Kinyambo, lugha ambayo imefanyiwa kazi na wanaisimu, akiwemo Rugemalira aliyetoa msamiati wake pamoja na tafsiri za Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002. Kijana wa hapa anayejifunza kupiga picha hufundishwa kwa Kiswahili, naye hupiga picha za ubarikio, harusi, mahafali na misiba. Hizo ni shughuli za mara moja. Bibi harusi haingii ukumbini mara ya pili kwa sababu picha ya kwanza imeharibika, na mzee aliyepigwa picha moja tu katika maisha yake, ikatoka giza, huenda asiwe na nyingine ya kuwekwa juu ya jeneza lake.

Mifano yote ya vipimo inayofuata ni ya kubuni kwa ajili ya hesabu. Haitokani na uchunguzi wa mpiga picha yeyote mahususi. Sheria za mwanga inazozifuata, kwa upande mwingine, ni za kweli popote.

2.0 Usuli: Karagwe mbele ya kamera

Historia ya Karagwe inagusa historia ya kamera mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake John Hanning Speke, alipiga picha mjini Zanzibar wakati msafara wao ulipokuwa ukijiandaa kuingia bara. Vifaa vya kupigia picha vilikuwa miongoni mwa mizigo ya msafara. Lakini kazi ya kuandaa na kusafisha picha ndani ya hema lenye joto kali ilionekana kuwa ingemwumiza Grant, akaiacha na kushika penseli na rangi. Walipofika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe mnamo Novemba 1861, kamera haikuwa tena chombo cha kazi. Grant alibaki Karagwe hadi Aprili 1862 kwa sababu ya maradhi ya mguu, na aliyoyaona huko yalifika Ulaya kwa njia ya michoro.

Kwa hiyo Karagwe ya Rumanyika tunaijua kwa mkono wa mchoraji wala si kwa lenzi. Mchoraji anao uhuru ambao kamera haina: akiona uso mweusi kando ya nguo nyeupe, humchora kila mmoja kwa namna anavyomwona. Kamera hupokea kiasi kimoja cha mwanga kwa ajili ya picha nzima, na kiasi hicho huamuliwa na kipimo ambacho hakijui kama kinachotazama ni uso, shela au ukuta. Ni jambo hili ndilo linalotuleta kwenye suala la umbali.

3.0 Dhana za msingi

3.1 Mwangazo

Katika makala hii tunatumia neno mwangazo kwa maana ya jumla ya mwanga unaofika kwenye filamu au kwenye kihisi cha kamera ya dijiti wakati wa kupiga picha moja. Mwangazo hutawaliwa na mambo mawili ndani ya kamera: upana wa tundu la lenzi na muda ambao shata hukaa wazi. Jambo la tatu ni wepesi wa filamu au kihisi kuitikia mwanga huo, unaoandikwa kwa namba ya ISO. Upana wa tundu huandikwa kwa namba f: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Kuzidisha mwanga mara mbili, au kuupunguza kwa nusu, tutakuita hatua moja. Kutoka f/4 hadi f/5.6 ni hatua moja. Kutoka f/4 hadi f/8 ni hatua mbili, yaani robo ya mwanga.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hupima mwanga unaoakisiwa na vitu vilivyo mbele yake. Hakina habari kuhusu rangi halisi ya vitu hivyo. Kwa hiyo hujengwa juu ya dhana kwamba mandhari ya kawaida, kwa wastani, huakisi takribani asilimia 18 ya mwanga unaoyaangukia, na hupanga mwangazo ili wastani huo utokee kuwa wa kijivu cha kati. Mandhari yakiwa na weupe mwingi, kipimo hudhani kuna mwanga mwingi na hupunguza mwangazo. Yakiwa na weusi mwingi, hufanya kinyume chake.

3.2 Umbali wa aina tatu

Umbali wa kwanza ni sifa ya lenzi yenyewe: masafa kutoka kitovu cha lenzi hadi mahali miale ya kitu kilicho mbali sana inapokutana. Lenzi ya milimita 50 huitwa hivyo kwa sababu ya kipimo hiki. Hakibadiliki mpiga picha anaposogea. Katika lenzi ya kuvuta hubadilika pale tu anapovuta.

Umbali wa pili ni masafa kutoka kwenye filamu au kihisi hadi kwenye kitu ambacho lenzi imelengwa kukionyesha kwa uwazi. Ndio unaosomwa kwenye pete ya lenzi kwa mita na futi. Hubadilika kila pete inapozungushwa.

Umbali wa tatu ni safari ya mwanga kutoka kwenye taa ya flashi hadi kwa mtu anayepigwa picha. Flashi ikiwa imefungwa juu ya kamera na kuelekezwa mbele, umbali wa pili na wa tatu hulingana kwa kadiri inayotosha. Flashi ikielekezwa juu kwenye dari, au ikiwekwa mbali na kamera, umbali huo mbili huachana.

Sasa tuchukue sentensi hii: Kamera hutumia umbali wa fokasi ili kuiongoza flashi. Msomaji akielewa umbali wa kwanza, sentensi ni ya kweli, kwa kuwa flashi nyingi hupanua au kubana boriti la mwanga wake kulingana na lenzi inayotumika. Akielewa umbali wa pili, sentensi ni ya kweli vilevile, kwa kuwa kamera nyingi hutumia masafa ya kitu kilicholengwa kukadiria nguvu ya flashi. Ni kweli mbili zisizohusiana ndani ya maneno yale yale. Mwanafunzi hawezi kugundua kuwa amekosea, maana hata akikosea hupata jibu linaloonekana kuwa sahihi. Utata wa namna hii ni mbaya kuliko neno gumu, kwa sababu neno gumu humfanya mtu aulize.

4.0 Umbali na mwanga wa mchana

Inafaa kwanza kuondoa dhana potofu inayosikika mara nyingi, kwamba mtu aliye mbali huhitaji mwangazo mkubwa kuliko aliye karibu hata wakati wa jua. Ukuta uliopigwa chokaa na kumulikwa na jua una mng'ao ule ule ukitazamwa kutoka mita 2 au mita 20. Ni kweli kwamba mwanga unaofika kwenye lenzi kutoka kwenye sehemu fulani ya ukuta hupungua kwa mraba wa umbali. Lakini eneo la picha ya sehemu hiyo nalo hupungua kwa kiasi kile kile. Mapungufu mawili hufutana. Aidha, jua lenyewe liko umbali wa takribani kilomita milioni 150, na hatua tatu za mpiga picha kwenda mbele au nyuma hazilisogezi.

Hata hivyo, umbali wa kulenga huathiri mwangazo wa mchana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimaumbile. Lenzi ya kawaida inapolengwa kwenye kitu kilicho karibu sana husogea mbele, mbali na filamu, na mwanga ule ule husambaa kwenye eneo kubwa zaidi. Picha ya kitu ikiwa sawa na ukubwa wa kitu chenyewe, kama vile tunda la kahawa linalopigwa picha kwa utafiti wa kilimo, mwanga unaofika hubaki robo, yaani hupungua kwa hatua mbili. Picha ikiwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa kitu, upungufu ni takribani robo ya hatua tu. Kipimo kinachosoma mwanga uliokwisha kupita ndani ya lenzi hukiona kipungufu hicho na kukifidia chenyewe. Kipimo cha mkononi hakikioni, na mpiga picha hulazimika kukokotoa.

Njia ya pili ni ya ukisiaji. Kamera zinazogawa mandhari katika sehemu nyingi na kuzilinganisha hutumia umbali kama ushahidi wa kile kinachotazamwa. Ikiwa lenzi ya milimita 50 imelengwa mita 2, kitu chenye urefu wa sentimita 25, kama vile kichwa cha mtu, kitachukua takribani milimita 6.4 kwenye filamu yenye kimo cha milimita 24, yaani zaidi kidogo ya robo ya kimo cha picha. Kamera ikijua hayo, na ikaona sehemu ya kati ni nyeusi kuliko kingo, ina sababu ya kushuku kwamba mtu amesimama mbele ya anga jeupe. Umbali ukiwa mkubwa sana na sehemu ya juu iking'aa, ina sababu ya kushuku kwamba ni mandhari ya vilima na mawingu. Tazama kwamba ukisiaji huu unahitaji umbali wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Mwalimu asiye na majina mawili hawezi kuueleza.

5.0 Umbali na flashi

5.1 Kanuni ya mraba

Waswahili husema mmulika nyoka huanzia miguuni pake. Methali inafundisha tahadhari, lakini ndani yake mna fizikia: mwenge humulika zaidi kilicho karibu na aliyeushika. Flashi ni mwenge wa namna hiyo. Mmuliko wake hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo mtu aliye mara mbili ya umbali hupata robo ya mwanga, na aliye mara tatu hupata sehemu moja ya tisa.

Nguvu ya flashi hutajwa kwa namba mwongozo, ambayo ni zao la umbali na namba f. Flashi yenye namba mwongozo 28, kwa mita na kwa ISO 100, ikitumika kwa nguvu zote, huhitaji f/8 kwa mtu aliye mita 3.5, f/5.6 kwa mita 5, f/4 kwa mita 7 na f/2.8 kwa mita 10. Katika picha ya ukoo uliojipanga safu, ikiwa watoto wa mbele wako mita 2.5 na wazee wa nyuma wako mita 5, wazee watapata mwanga pungufu kwa hatua mbili. Hakuna kipimo kinachoweza kurekebisha tofauti hiyo. Dawa yake ni kurudi nyuma ili uwiano wa umbali upungue, au kuwaleta wazee mbele, jambo ambalo hata kwa heshima ndilo linalostahili.

5.2 Makosa mawili ya kipimo cha marejeo

Kwa miaka mingi flashi za kujiendesha zimekuwa zikipima mwanga unaorudi kutoka kwenye mandhari na kujizima unapotosha. Hatua muhimu ilifikiwa katika miaka ya 1970, wakati Olympus OM-2 ya mwaka 1975 ilipoleta upimaji wa mwanga unaoakisiwa na filamu yenyewe. Njia hii ni nzuri mandhari yanapokuwa ya wastani. Yasipokuwa ya wastani, hukosea kwa namna mbili.

Kosa la kwanza tutaliita kosa la shela. Bibi harusi amesimama mita 3 kutoka kwenye kamera, amevaa nguo nyeupe, nyuma yake mna ukuta wa chokaa. Tuseme robo tatu ya picha ni weupe unaoakisi asilimia 80, na robo iliyobaki, pamoja na uso wake, huakisi asilimia 10. Wastani ni asilimia 62.5. Kipimo kinachotaka asilimia 18 kitapunguza mwanga kwa takribani mara 3.5, yaani karibu hatua mbili. Shela itatoka kijivu. Uso, uliostahili kuonekana kama kitu cha asilimia 10, utaonekana kama kitu cha chini ya asilimia 3, yaani karibu na weusi mtupu. Macho, tabasamu na machozi ya furaha vitazama humo.

Kosa la pili tutaliita kosa la usiku. Mzee amesimama uani usiku, mita 3 kutoka kwenye kamera, na nyuma yake mna shamba la migomba lililo mbali kiasi kwamba mwanga hauifikii. Tuseme anachukua sehemu moja ya sita ya picha, akiakisi asilimia 10, na kwingine hakurudi kitu. Wastani ni chini ya asilimia 2. Kipimo kitadai mwanga zaidi kwa takribani mara 11. Kwa tundu la f/2.8, flashi yetu yenye namba mwongozo 28 inao uwezo wa kutii amri hiyo, na uso wa mzee utatoka mweupe usio na mkunjo wala kovu. Si yeye tena.

Inafaa kusisitiza kuwa katika visa vyote viwili mpiga picha hakukosa bidii. Alilenga vizuri na flashi ilifanya kazi. Kosa ni la dhana ya wastani, ambayo huwaumiza zaidi watu ambao rangi ya ngozi yao iko mbali na rangi ya nguo na kuta zinazowazunguka. Lorna Roth, katika utafiti wake wa mwaka 2009, ameonyesha namna kadi za kulinganishia rangi katika maabara za picha zilivyotumia kwa miongo mingi sura ya mwanamke mweupe kuwa kigezo. Upimaji wa mwanga ni suala tofauti na rangi za filamu, lakini yote mawili humfikia mteja wa Nyakakika kwa umbo moja: picha ambayo nguo inaonekana na mwenye nguo haonekani.

5.3 Namna umbali unavyosahihisha

Ikiwa kamera inajua kuwa bibi harusi yupo mita 3 na tundu ni f/8, haihitaji kuangalia weupe wa shela ili kujua kiasi cha mwanga kinachotakiwa. Namba mwongozo inayohitajika ni 3 mara 8, yaani 24. Flashi ya 28 itoe takribani asilimia 73 ya nguvu zake, basi. Hesabu hii haina habari kama nguo ni nyeupe au nyeusi, na kwa sababu hiyo haiwezi kudanganywa na nguo.

Wazo hilo si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Nikon ilitengeneza lenzi ya milimita 45 ambayo tundu lake liliunganishwa na pete ya kulenga: mpiga picha alipolenga karibu, tundu lilijibana lenyewe, alipolenga mbali, likafunguka. Ilikuwa ni hesabu ya namba mwongozo iliyofanywa kwa vyuma. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilitoa kamera ya F90 na lenzi zenye herufi D, zilizopeleka taarifa ya umbali kwa njia ya umeme. Minolta ilifuata mwaka 2000 kwa kamera ya Dynax 7, na Canon mwaka 2004 kwa mfumo ulioanza na EOS-1D Mark II.

Utendaji wake waweza kuelezwa kwa urahisi. Kwenye pete ya kulenga huwekwa ukanda wenye alama za umeme, na vidole vidogo vya chuma huusoma pete inapozunguka. Kabla ya mwanga mkuu, flashi hutoa mimeto midogo ya majaribio. Kamera hupima marejeo ya kila sehemu ya mandhari na kuyalinganisha na yale yanayotarajiwa kwa umbali uliosomwa. Sehemu inayorudisha mwanga mwingi kupita kiasi hudhaniwa kuwa shela, kioo au ukuta unaong'aa, na uzito wake hupunguzwa. Sehemu isiyorudisha kitu hudhaniwa kuwa giza la mbali, na hupuuzwa. Kila kiwanda hukokotoa kwa njia yake, lakini mantiki ni hiyo: umbali ni shahidi wa pili anayemhoji shahidi wa kwanza, ambaye ni mwakisiko.

5.4 Pale umbali unapopotosha

Shahidi wa pili naye anaweza kudanganywa. Kwanza, kamera ikilenga ukuta ulio mita 6 badala ya bibi harusi aliye mita 3, itakisia umbali mara mbili ya ule wa kweli. Ikiufuata umbali huo peke yake, itatoa mwanga mara nne, na uso utaungua kwa hatua mbili. Kosa la ulengaji hugeuka kuwa kosa la mwangazo.

Pili, ukanda wa alama husoma umbali kwa vipande. Vipande hivyo huwa vipana kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo taarifa ya mbali haina uhakika kama ya karibu.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa hoja yetu, flashi ikielekezwa juu, umbali wa kulenga hauna tena uhusiano wa moja kwa moja na safari ya mwanga. Bibi harusi yupo mita 3, lakini mwanga umepanda hadi darini na kushuka. Kwa sababu hiyo mifumo ya kamera huacha kuitumia taarifa ya umbali pindi kichwa cha flashi kinapoinuliwa, na kurudi kwenye kipimo cha marejeo pamoja na makosa yake yote. Katika jengo lisilo na dari, ambamo mabati na mbao za paa ziko juu na zimeshika moshi, sehemu kubwa ya mwanga huo haitarudi kabisa. Mpiga picha aliyefundishwa kwamba kamera inajua umbali atashangaa. Ukweli ni kuwa inajua umbali mmoja, na hapa kinachohitajika ni mwingine.

6.0 Mapendekezo na tathmini ya istilahi

Kwa dhana ya kwanza tunapendekeza urefu wa fokasi. Neno urefu huashiria kipimo cha kitu chenyewe, kama urefu wa kamba au wa mti, ilhali umbali hudokeza nafasi iliyopo baina ya vitu viwili. Kwa kuwa kipimo hiki ni sifa ya lenzi na hakitegemei kitu kilicho mbele yake, urefu unafaa zaidi. Neno fokasi limekwisha kuzoeleka na halina sababu ya kung'olewa.

Kwa dhana ya pili tunapendekeza umbali wa kulenga. Kitenzi lenga ni cha Kiswahili cha kale, kinajulikana na mwindaji na mcheza bao la mawe vilevile, na kinazalisha: ulengaji, kulengwa, mlengaji. Tulifikiria pia umbali-lengwa, ambalo ni fupi, lakini huweza kueleweka kama umbali unaokusudiwa kufikiwa. Ufupi haustahili kununuliwa kwa bei ya utata ule ule tunaotaka kuuondoa.

Kwa dhana ya tatu tunapendekeza umbali wa mmuliko. Kutokana na kitenzi mulika tunapata mmuliko, yaani mwanga unaokiangukia kitu, tofauti na mwakisiko, yaani mwanga unaokitoka. Jozi hii ina faida ya ziada: inamwezesha mwalimu kusema kwa sentensi moja kwamba kipimo cha marejeo hupima mwakisiko, wakati hesabu ya namba mwongozo hukisia mmuliko. Tofauti yote iliyoelezwa katika sehemu ya 5.0 imo ndani ya maneno hayo mawili.

Huenda msomaji akapinga kwamba mafundi hawatayapokea maneno haya, na kwamba watu walio na kamera za dijiti au simu huona picha papo hapo na kurudia. Pingamizi la kwanza ni la kweli kwa kiasi: istilahi hukubaliwa kwa kutumika, wala si kwa kuandikwa katika jarida. Lakini maneno yote matatu yameundwa kwa mashina ambayo fundi anayo tayari. Kuhusu pingamizi la pili, ni kweli kioo cha kamera huonyesha kosa mara moja. Hakionyeshi sababu yake. Asiyejua kama kosa limetokana na shela, na giza, au na ulengaji, atageuza vibonye kwa kubahatisha huku pete ikiwa imekwisha kuvishwa kidoleni.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa upimaji wa mwanga wa flashi hutegemea umbali wa aina tatu, na kwamba Kiswahili cha ufundi kinapouita zaidi ya mmoja kwa jina moja humnyima mwanafunzi uwezo wa kutambua kosa lake. Istilahi tulizopendekeza, yaani urefu wa fokasi, umbali wa kulenga na umbali wa mmuliko, zimeundwa kwa mashina ya kawaida na zinaweza kujaribiwa bila gharama yoyote.

Jaribio lenyewe linafaa lifanyike mahali pa kazi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada anaweza kuketi na mafundi wa picha wa Nyakakika, Kayanga au kwingineko, akayasikiliza maneno wanayoyatumia wanapofundishana, na kupima kama tofauti hizi tatu wanazo tayari kwa majina ambayo sisi hatujayasikia. Akiyakuta, ya kwao yashike nafasi ya haya yetu.

Mwaka 1861 uso wa mtu wa Karagwe ulihifadhiwa kwa penseli kwa sababu kamera ilishindwa na joto la hema. Leo kamera hazikosekani, na inapotokea uso ukapotea, mara nyingi ni kwa sababu aliyeishika hakuambiwa waziwazi chombo chake kinajua nini na hakijui nini. Kuliambia jambo hilo kwa lugha anayoielewa ni wajibu wa wataalamu wa lugha, sawa na ulivyo wajibu wa mafundi.